Shilingi 20,400 zilizopotelea mwaka 2010

Jumamosi ya Mei 11, 2024, baada ya swala ya alasiri, wanawake 34 wa kikundi kimoja cha akiba hapa Mwabungo walikaa chini ya mwembe kusomewa hesabu, kama wafanyavyo kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mweka hazina akasoma. Michango tangu Januari: shilingi 102,000.

Mwenyekiti wao hajui kompyuta, lakini kujumlisha anajua. Wanachama 34, kila mmoja shilingi 200 kwa wiki, wiki 18 tangu Januari 6, na hakuna aliyekosa kutoa. Hiyo ni 122,400. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: hizo 20,400 ziko wapi?

Mweka hazina akasoma tena. Ikatoka ileile.

Kwenye kikundi hiki pesa hazilali. Zinazoingia Jumamosi hukopeshwa Jumamosi hiyohiyo, kwa hiyo kisanduku hakina cha kuonyesha. Mama wa watu akajitetea kwa kutaja majina: nimempa fulani, nimempa fulani na fulani. Walikuwa sita. Wanne wakakubali palepale. Mmoja hakuwapo, amekwenda Lunga Lunga kwenye matanga. Wa sita akasema yeye mkopo wake ulikuwa wa mwezi wa tatu na alishaulipa. Mikopo ilipotafutwa kwenye ile ripoti, hakuna hata mmoja kati ya hiyo sita ulioonekana.

Hakuna aliyetamka neno wizi. Lakini mwatujua sisi watu wa Pwani. "Labda umesahau mahali, dada yangu," ikisemwa kwa upole mbele za watu, huuma kuliko tusi. Na kabla ya magharibi alikuwapo mtu aliyekwisha kuuliza mabati mapya ya jikoni kwa mweka hazina yalitoka wapi.

Naandika haya kwa sababu kompyuta hiyo niliiweka mimi. Programu aliiandika mpwa wangu alipokuwa akingoja kuanza chuo. Na mimi ndiye niliyewaambia kina mama, mwezi wa kwanza, kwamba sasa daftari si lazima tena.

Neno seva lisimtishe mtu. Seva ni kompyuta yoyote iliyokaa ikingoja kuulizwa na vifaa vingine na kuvijibu. Yetu ni ya zamani, ya mezani, yenye Windows 7, na iko kwenye duka la fotokopi la mtoto wa mmoja wa wanachama. Ndani yake kuna XAMPP, furushi la programu za bure ambalo karibu kila mwanafunzi wa kompyuta Afrika Mashariki amelipitia: Apache inapokea maswali, PHP inafanya kazi, MySQL inaweka kumbukumbu. Mweka hazina anakaa nje ya duka na simu yake, anaunganisha na Wi-Fi ya dukani, anaandika jina, kiasi, na kwa aliyelipa kwa M-PESA, namba ya muamala. Mambo yote hayo hayahitaji intaneti, maana simu na kompyuta ziko chini ya paa moja la mabati.

Usiku ule nilipofika dukani, wazo la kwanza lilikuwa kwamba kuna kilichofutika. Ama mtu amefuta, ama diski inakufa, ama ni virusi. Nilikuwa na nakala ya hifadhidata niliyoichukua Aprili 13 kwenye flashi, na mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya kuirudisha ile nakala juu ya iliyopo. Ndiyo dawa tunayoikimbilia sote: kimeharibika, rudisha cha zamani.

Ningefanya hivyo ningeua ushahidi wote wa mama yule. Kilichonizuia si akili nyingi, ni woga. Nilisema kwanza nichukue nakala ya hiki kibovu kama kilivyo, nikitie kwenye flashi nyingine, ndipo niguse. Dakika mbili za amri moja, mysqldump. Kila mwenye kompyuta ya duka, ya shule au ya madrasa afanye hivyo kabla ya kujaribu dawa yoyote. Kitu kibovu chenye nakala waweza kukikosea mara kumi.

Kisha nikabadilisha swali. Ripoti ya mpwa wangu ilikuwa inauliza: nipe michango ya kuanzia tarehe hii mpaka tarehe hii. Mimi nikauliza hifadhidata swali la kijinga zaidi: una mistari mingapi yote kwa jumla, bila kujali tarehe?

Ikajibu 612.

Wanawake 34 mara wiki 18 ni 612. Nilivuta kiti nikakaa. Hakuna shilingi iliyopotea. Mistari yote ilikuwemo humo ndani, ila ripoti haikuiona mistari 102 ya mwisho. Nikaiomba hifadhidata inipangie kwa namba ya mstari badala ya tarehe. Kuanzia mstari wa 1 hadi wa 510 tarehe zilikuwa sawasawa, Januari hadi Aprili 13. Kuanzia wa 511 hadi wa 612 kila mstari ulisema jambo moja: Januari 1, 2010. Mikopo sita ya wiki hizo ilikuwa na tarehe hiyohiyo. Mweka hazina alipoiambia ripoti ianzie Januari 2024, michango yote ya Aprili 20, Aprili 27 na Mei 4 ilikuwa imekaa miaka kumi na minne nyuma, salama, haijaguswa na mtu.

Nikamuuliza kijana wa dukani kama kompyuta imekuwa na matatizo yoyote. Akasema hapana. Ila asubuhi ikiwashwa huandika maneno ya Kiingereza kwenye skrini nyeusi, naye hubonyeza F1 ikaendelea. Tangu lini? Tangu baada ya Idi. Na tovuti nyingi zimekuwa zikikataa kufunguka, zinasema muunganisho si salama. Amenunua bandoli mara tatu akidhani ni intaneti.

Simlaumu. Kompyuta ilisema "bonyeza F1 kuendelea", naye akabonyeza. Maneno yaliyotangulia hayo ndiyo yaliyokuwa na maana: saa haijawekwa.

Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye bodi yake kuu, kuna betri ya duara kama sarafu. Kwa kawaida ni CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kazi yake ni kuiweka saa ya kompyuta hai wakati hakuna umeme. Kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na vyuma vilivyozimwa vikiwa vimelala, hicho hakilali. Betri ikifa, saa huendelea maadamu umeme upo. Umeme ukikatika, au ukizima ukutani kama kijana wetu afanyavyo kila usiku kuokoa tokeni, saa inasahau kila kitu. Ukiwasha tena, inarudi kwenye tarehe iliyowekwa na kiwanda. Ya kwetu ilikuwa Januari 1, 2010. Kwa hiyo kila asubuhi dukani ilikuwa mwaka mpya.

Na tovuti zilikataa kwa sababu hiyohiyo. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vya Let's Encrypt, kwa mfano, mwaka 2024 vilidumu siku 90. Kivinjari kikiangalia saa ya kompyuta na kuona ni 2010, kitaona cheti cha 2024 hakijazaliwa bado, na kitakataa. Mara nyingi ukiona tovuti nyingi kwa pamoja zinadai si salama, angalia pembe ya chini ya skrini imeandika mwaka gani kabla hujanunua bandoli.

Msomaji mjuzi atauliza: si Windows hujirekebisha saa yenyewe kwenye intaneti? Hujirekebisha, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Lakini ina tahadhari moja ambayo wengi hatuijui. Kwa kompyuta ya kawaida isiyo ya mtandao wa ofisi, tofauti ikizidi saa 15, inakataa kurekebisha. Inaona jambo kubwa kiasi hicho laweza kuwa ni hila. Ya kwetu ilikosea kwa miaka 14. Ilibidi niiweke tarehe kwa mkono kwanza, ndipo niiambie isawazishe. Mafundi wa Linux wasicheke: ntpd nayo hukata tamaa tofauti ikipita sekunde 1,000, isipokuwa umeianzisha kwa ruhusa maalumu.

Betri mpya nilipata Ukunda. Bei yake haizidi nauli ya kwenda na kurudi.

Kazi ngumu ilikuwa kuirudisha mistari 102 kwenye Jumamosi zake. Ningeweza kukisia, na pengine ningepatia. Lakini jina la mtu lilikuwa limeshatiwa doa, na makisio ya fundi aliyeweka kompyuta mbovu hayamsafishi mtu. Nilitaka shahidi asiyetoka ndani ya kompyuta hiyo.

Shahidi alikuwa kwenye simu ya mweka hazina. Wanawake 21 kati ya 34 hulipa kwa M-PESA, kwa hiyo kati ya mistari 102, 63 ilikuwa na namba ya muamala. Kila ujumbe una tarehe na saa, huo ni ushahidi wa wazi. Lakini hata namba yenyewe inasema siku. Fungua jumbe zako uone. Herufi ya kwanza ni mwaka: zilizoanza na R ni za 2023, S ni 2024. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari, D Aprili, E Mei. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, na kuendelea. Kwa hiyo namba inayoanza SDK ni ya Aprili 20, 2024. Inayoanza SE4 ni ya Mei 4. Mpwa wangu alipoliona hilo aliniangalia kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa siri nyumbani kwao.

Tukazipanga. Mistari 511 hadi 544 yenye namba za muamala yote ilikuwa SDK. 545 hadi 578 yote ya Aprili 27. 579 hadi 612 yote SE4. Hakuna hata mmoja uliochanganyika. Na kila kundi la mistari 34 lilikuwa na kila mwanamke mara moja, si zaidi si pungufu. Mistari 39 ya waliolipa taslimu ilikuwa imekaa katikati ya ya M-PESA, iliandikwa saa zilezile, mkono uleule.

Mei 18 nilisimama chini ya mwembe nikayasoma yote, jina kwa jina, wiki kwa wiki. Nikaeleza betri, nikaizungusha kutoka mkono hadi mkono. Bibi mmoja akaigeuza akasema, "Hiki ndicho kilichotaka kutuvunjia undugu?" Nikasoma mikopo sita. Yule wa sita alisikiliza jina lake, kiasi na ujumbe wa M-PESA alioupokea Aprili 27 saa kumi na moja jioni. Akafungua simu yake, akatafuta kimya kwa muda, akasema ni kweli, alichanganya na ule wa mwezi wa tatu. Huenda alichanganya kweli. Kompyuta ilipousahau mkopo wake, naye akasahau. Wanadamu ndivyo tulivyo, na sina zaidi la kusema juu yake.

Aliyeulizia mabati hakuwapo siku hiyo.

Ningeweza kukomea hapo. Lakini nilipokuwa nikipekua programu ya mpwa wangu niliona jambo jingine, dogo kwa pesa, lakini lililonisumbua zaidi, kwa sababu hilo si kosa la betri.

Kikundi kina sheria: mchango ukiandikwa baada ya saa nne usiku wa Jumamosi, faini shilingi 50. Programu ndiyo hutoza. Nikaona kwamba Jumamosi ya Aprili 6, wakati saa ya kompyuta ilikuwa bado nzima, watu watano walitozwa. Wiki moja kabla yake, Machi 30, hakuna aliyetozwa, na Jumamosi zote mbili zilikuwa za Ramadhani, kina mama wakija na pesa zao baada ya tarawehe, kwenye saa tatu na nusu. Mbona wiki moja wamewahi na ya pili wamechelewa?

Jibu liko Ujerumani. XAMPP ilitengenezwa na watu wa huko, na ukiiweka bila kuigusa, PHP yake hufuata saa za Berlin: kwenye faili la php.ini kuna mstari unaosema date.timezone=Europe/Berlin. Mpwa wangu Januari aliona programu iko nyuma kwa saa mbili. Hakujua kwa nini, akaongeza saa mbili kwa mkono: sekunde 7,200 kwenye kila tarehe. Ikawa sawa, akafurahi. Lakini Ulaya hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, nasi hatubadilishi. Machi 31, 2024 Berlin ilisogeza saa mbele, tofauti yetu nao ikawa saa moja tu, na zile saa mbili za mpwa wangu zikazidi. Mwanamke aliyelipa saa tatu na dakika 20 usiku akaandikwa saa nne na dakika 20. Faini.

Hakuna kati ya wale watano aliyelalamika. Mmoja aliniambia alidhani amechelewa kweli, maana imamu alirefusha kisomo. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu akipingana na kompyuta, hujishuku mwenyewe kwanza. Shilingi 250 zikarudishwa.

Dawa ilikuwa kufuta ile hesabu ya mkono na kuandika mahali pa Berlin: Africa/Nairobi, kisha kuzima Apache na kuiwasha. Mpwa wangu akauliza kwa nini si Africa/Mombasa. Haimo. Orodha hiyo ya saa za dunia, inayotumiwa na karibu kompyuta na simu zote, haiweki kila mji. Inaweka jina moja kwa mahali palipokuwa na saa za namna moja, na siku hizi Dar es Salaam, Kampala na Mogadishu zote humo ndani huelekezwa kwenye saa za Nairobi. Inakumbuka hata ya zamani, kwamba wakati wa mkoloni saa za Kenya ziliwahi kuitangulia saa ya dunia kwa saa 2 na dakika 45. Anayeongeza saa kwa mkono anajifanya anajua zaidi ya orodha hiyo. Usiongeze saa kwa mkono. Taja mahali ulipo, uiachie kompyuta hesabu.

Tulipokuwa tukilizungumza hili kikaoni, likazuka la tatu, ambalo hakuna faili la kulirekebisha. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alisema sheria yenyewe haieleweki. "Usiku wa Jumamosi" ni upi? Kwake yeye, jua la Jumamosi likizama, Jumamosi imekwisha. Usiku ule ni wa Jumapili. Ndivyo walivyolelewa, ndivyo tunavyohesabu mwandamo, na ndiyo maana saa zetu huanza kuhesabiwa upya magharibi. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule wa kuamkia Ijumaa. Vijana kwao siku inakatika saa sita usiku. Na kompyuta, ukiiacha kwenye saa ya dunia, kwake siku inakatika saa tisa usiku wa hapa kwetu. Ndani kabisa yenyewe haijui siku wala usiku: kompyuta nyingi huhesabu sekunde tu tangu mwanzo wa Januari 1, 1970 kwa saa ya dunia, yaani kwetu saa tisa usiku. Zile za zamani zinazohesabu kwa nafasi ndogo zitajaa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Mashine ya fotokopi sidhani kama itafika huko.

Mjadala ule ulichukua muda kuliko wa betri. Mwishowe wakabadilisha maneno ya sheria, si programu: "Jumamosi jioni, mpaka saa nne usiku ule wa kuamkia Jumapili." Bibi akaridhika. Nilijifunza kwamba kabla ya kumwambia mpwa wangu aandike "tarehe" tulipaswa kukaa na kina mama tuwaulize siku yao inaanza lini.

Kwenye programu tulibadilisha mambo machache. Zamani ukiingiza mchango skrini ilisema tu "Umepokelewa". Sasa inaandika "Umepokelewa Jumamosi, Mei 25, 2024", kwa maneno, kwa herufi kubwa. Tarehe hiyo ingekuwapo tangu mwanzo, mweka hazina angeona 2010 mchango wa kwanza kabisa wa Aprili 20, akaniita. Pili, kila mstari sasa una tarehe mbili: ya mchango, anayoichagua mtu, na ya kuandikwa, inayowekwa na kompyuta. Zikitofautiana, tunajua pa kutazama.

Na kuna mistari miwili mifupi ambayo nadhani ina thamani kuliko zote. Kabla ya kuandika chochote, programu inatazama mchango wa mwisho uliomo. Kama saa ya sasa iko nyuma ya huo, haiandiki. Muda haurudi nyuma. Ukiona umerudi, ni saa iliyoharibika. Mpwa wangu alipinga, akasema kumzuia mtu kuandika pesa alizozipokea ni kumtesa. Nikamwambia heri mama akasirike jioni moja kwa kukataliwa na skrini kuliko kukaa chini ya mwembe akiulizwa juu ya mabati. Ujumbe wa kukataa aliutunga mweka hazina mwenyewe: "Saa ya kompyuta imerudi nyuma. Usiandike. Mwite fundi, aangalie betri."

Ukitaka kujua kama ya kwako ni nzima, izime, chomoa waya ukutani, iache usiku kucha. Asubuhi iwashe bila intaneti, tazama tarehe. Ikiwa sawa, betri ina uhai. Ikiandika mwaka ambao mwanao wa kidato cha pili alikuwa hajaanza kutembea, usibonyeze F1 ukaendelea na biashara.

Mgawo wa mikopo ya sikukuu ulifanyika kabla ya Idi ya kuchinja, Juni, kwa hesabu kamili. Mweka hazina alikuwa ameshasema atajiuzulu, na mwenyekiti akaenda kwake mara mbili kumsihi, mara ya pili akiwa na wazee wawili. Alikubali kubaki kwa sharti moja. Siku hizi ukipita dukani Jumamosi jioni utamkuta na simu mkono mmoja, na daftari jipya la kurasa 200 juu ya goti, anaandika mara mbili. Nami kila mwisho wa mwezi huenda kulinganisha.